Kupeleka vijana kambini kutoka Nairobi: mwongozo kamili kwa anayewaongoza

Likizo ya Agosti ikikaribia, simu ya kila kiongozi wa vijana Nairobi huanza kulia. Patroni wa klabu ya shule, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa shule ya Jumapili, kijana anayesimamia timu ya mtaa kule Umoja au Kangemi: wote wanaulizwa lini tunaenda kambi. Wazazi nao huuliza kuhusu wanyama. Wanyama wapo na nitawafikia, lakini ukikaa na watu waliozoea kazi hii utasikia wakiogopa vitu vingine kabisa: barabara ya usiku, mto uliofurika, jiko la makaa lililoingizwa ndani ya hema, na mtoto aliyeachwa kituo cha mafuta kwa kuwa kila mtu mzima alidhani mwenzake amehesabu. Karibu yote hayo huzuiwa mjini, majuma kadhaa kabla basi halijawashwa. Kwa hiyo usishangae kuona mwongozo huu ukikaa sana kwenye maandalizi.

Nimeuandika nikifikiria kikundi cha vijana 20 hadi 40, wa miaka 11 hadi 17, wanaokwenda kulala nje kwa wikendi moja. Jipe wiki 6. Ukiwa na wiki 2 tu, panga safari ya mchana mrudi jioni.

Hatua ya 1: Tarehe na mahali

Anza na mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika. Watu huiona wakaipangia kambi. Mimi huiacha kwa mafunzo ya hapa mjini, chini ya paa. Agosti ni kavu kiasi; adui wake ni baridi, na baridi hutibika kwa sweta.

Vijana ambao hawajawahi kulala nje wasipelekwe mbali. Rowallan, kambi ya Skauti iliyo upande wa Jamhuri, inatosha kabisa kwa mara ya kwanza: kuna miti, kuna nafasi, na mtoto akipandwa na homa saa nne usiku hospitali haiko mbali. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kufika kwa bodaboda. Baada ya hapo ndipo mfikirie Naivasha, Ol Donyo Sabuk, au kupanda Longonot mchana. Longonot ina urefu wa mita 2,776 na kivuli chake ni haba, kwa hiyo ni safari ya alfajiri na maji mengi. Mlima Kenya uacheni mpaka kikundi kikomae, na hata hapo mwende na waongozaji wenye leseni.

Korongo la Ol Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, nalitaja peke yake. Aprili 2012 vijana 7 wa kikundi cha kanisa walisombwa na maji humo. Septemba 2019 watu wengine 7 wakafa vivyo hivyo, na Septemba si mwezi wa masika wala vuli. Mafuriko ya korongo hayangoji mvua inyeshe mlipo. Inanyesha juu huko, nyinyi mnapiga picha juani, kisha maji yanafika kwa dakika chache na kuta hazina pa kushika. Msimamo wangu ni kwamba kikundi cha watoto hakiingii korongoni msimu wa mvua, na kiangazi hakiingii bila maaskari wa KWS, shirika la wanyamapori, kuruhusu siku hiyohiyo. Fikiria hivyohivyo unapochagua pa kupiga hema. Mkondo mkavu wa mchanga unaonekana kitanda kizuri, kumbe ni njia ya maji. Aprili 2024, usiku, maji yaliyoporomoka juu ya Mai Mahiu yaliua makumi ya watu, wengi wakiwa wamelala majumbani mwao. Hema litafanya nini?

Kabla hujatoza mtu shilingi, kiongozi mmoja aende akaone kwa macho. Picha za mtandaoni hazikuambii kwamba bomba hukauka kila Jumamosi. Maji yanatoka wapi? Vyoo ni vingapi na vina milango? Lango linafungwa saa ngapi, na ufunguo analala nao nani? Simu inashika mtandao sehemu gani hasa? Moto unaruhusiwa wapi? Kuhusu hospitali, usiulize kama ipo, maana utajibiwa ndiyo. Endesha mwenyewe hadi hapo, upime dakika, uulize kama wanapokea wagonjwa usiku na kama wana dawa ya sumu ya nyoka. Mbuga za KWS hulipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Misitu iliyo chini ya KFS, shirika la misitu, ina vibali vyake, na pa kuanzia ni ofisi ya msitu wenyewe.

Hatua ya 2: Watu wazima unaokwenda nao

Mtu mzima mmoja kwa vijana 8 ndicho kipimo ninachotumia, na hata kikundi kikiwa kidogo watu wazima hawapungui wawili. Kukiwa na wasichana, mwanamke awepo, na awepo kama kiongozi; tabia ya kumwalika mama mmoja ili apike imepitwa na wakati. Angalau mmoja awe amefunzwa huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu au St John Ambulance. Kila anayejitolea alete cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), ambacho huombwa kupitia eCitizen. Mtu akichukia kuulizwa cheti, mshukuru na umwache nyumbani.

Yafuatayo hayajadiliwi. Mtu mzima halali hema moja na watoto wasio wake. Mazungumzo ya watu wawili yafanyike mahali wengine wanapoona, hata kama hawasikii. Hakuna jumbe za pembeni kati ya kiongozi na mtoto. Kila ujumbe upite kwenye kikundi au kwa mzazi. Wavulana na wasichana wana mahema yao, na wa miaka 11 hapangwi hema moja na wa miaka 17. Waambie vijana, viongozi wote wakiwa wamesimama hapo wakisikia, kwamba wanaweza kumshtaki kiongozi yeyote na kwamba 116 ni simu ya bure ya Childline Kenya.

Pombe hakuna, hata watoto wakishalala. Dharura huja saa nane usiku na inahitaji dereva mwenye akili timamu.

Hatua ya 3: Wazazi, fomu na pesa

Waite wazazi ana kwa ana, Jumapili alasiri ni nzuri. Fomu iwe na jina kamili na umri, namba za simu za watu wawili tofauti, namba ya SHA (bima ya afya), magonjwa, dawa na saa zake, mzio, chakula asichokula kwa sababu ya dini au afya, kama anajua kuogelea, nani ataruhusiwa kumchukua mkirudi, na sahihi ya kukubali atibiwe kwa dharura. Weka pia mstari wa ruhusa ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie taarifa za mtoto zitumiwe, na picha ya binti ya mtu akiwa na taulo kichwani haina kazi kwenye ukurasa wa kikundi.

Fomu zikirudi zote zimeandikwa "hakuna", usifurahi. Mtu hawezi kuandika kifafa au kukojoa kitandani akiwa amekaa bega kwa bega na jirani yake wa ploti. Jioni mpigie kila mzazi simu umuulize taratibu: "Mama Brian, kuna jambo lolote la usiku ningefaa kujua, nimsaidie bila wengine kujua?" Atanyamaza kidogo, kisha ndipo utasikia: huota akapiga kelele, hutembea usingizini, akichoka sana hukojoa.

Kwa huyo wa mwisho kuna utaratibu usiomwaibisha. Mpange karibu na mlango wa hema. Mwamshe kimya saa tano, wakati unapofanya mzunguko wako wa mwisho. Weka shuka na suruali ya akiba kwenye begi lako, na mkubaliane ishara ya kukuomba. Asubuhi toa amri kwamba kila mtu aanike vitu vyake vya kulalia juani, kikundi kizima, kila siku. Shuka 30 zikiwa kwenye kamba hakuna atakayejua ya nani ililowa.

Pesa zilipwe kwa till au paybill ya kikundi, wala si kwa namba ya mtu binafsi. Andika mgawanyo wa gharama wazi, na utenge kama sehemu ya kumi ya dharura. Acha nafasi mbili tatu za watoto ambao nyumbani hawana, na majina yao ayajue mweka hazina pekee.

Hatua ya 4: Jumamosi za mazoezi

Hapa ndipo kambi hufaulu au kufeli. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipowapeleka wavulana wapatao 20 kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiongozwa na mvulana mwenzao. (Mzee mwenyewe amezikwa Nyeri, ukitafuta safari nyingine ya kuwapeleka.) Mtindo huo unafanya kazi hata kama kikundi chako hakina uhusiano na Skauti. Gawa vijana katika vikosi vya 6 hadi 8, changanya shule na mitaa, na kila kikosi kichague kiongozi wake. Kisha kila mmoja apewe kazi yenye jina: wa maji, wa moto, wa jikoni, wa usafi, wa sanduku la dawa, wa hema. Kazi zizunguke kila siku.

Kazi iwe ya kweli. Wa maji asipochota, chakula kinachelewa, na wewe usikimbilie kuchota. Wali ukiungua, mle wali ulioungua. Kijana wa sekondari aliyewahi kulisha wenzake 7 ugali mbichi wakamtazama, hatahitaji hotuba yako kuhusu uwajibikaji. Ingilia pale tu panapoweza kuumiza: moto, kisu, maji, urefu.

Jumamosi ya kwanza ni ya hema, na ni bora iwe siku ya upepo. Tandaza turubai chini kwanza, na ukingo wake usijitokeze nje ya hema, la sivyo utakusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini ya migongo yenu. Mlango usielekee upande upepo unakotoka. Kigingi kinachomekwa kikiinamia mbali na hema, na kamba ivutwe hadi ilie kidogo ukiikwaruza kwa kidole. Wakimaliza, mwaga ndoo mbili za maji juu ya kila hema huku wenyewe wako ndani. Watacheka, watapiga kelele, na watajua zipu ipi mbovu wakati duka la fundi bado liko karibu. Kisha walikunje na kulirudisha mfukoni, jambo gumu kuliko kulisimamisha. Warudie mpaka kikosi kiweze bila mtu mzima.

Ya pili ni jikoni: kuwasha meko ya gesi, kupima unga na mchele wa watu 8, kushika kisu, kuosha sufuria iliyoungua. Ya tatu ni huduma ya kwanza, na nini cha kufanya ukipotea: simama ulipo, kaa karibu na mti unaoonekana, piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Kila mtoto awe na filimbi shingoni; ni bei ya mandazi machache. Ya nne ni kutembea kilomita 5 au 6 na begi lililojaa. Msitu wa Karura unafaa, na huko viatu vinavyokata vitajitaja vyenyewe.

Ya tano walale kwenye uwanja wa kanisa, msikiti au shule, ukuta ukiwa umewazunguka. Usiruke hii. Usiku huo mmoja unakuonyesha anayeogopa giza, aliyeleta blanketi moja jepesi, wawili wasioweza kulala hema moja bila kugombana, na kiongozi mtu mzima anayezima simu akalala fofofo. Hao wote wanarekebishika ukiwa bado Nairobi.

Jumamosi hizi ndizo pia za kutunga kanuni. Waache vijana wazitunge, zisizidi 7, na adhabu waziseme wenyewe (utashangaa walivyo wakali, punguza). Kuhusu simu, ninachopenda ni zikusanywe usiku na zitolewe kwa muda wa saa moja kila jioni za kupigia nyumbani. Kuzipiga marufuku kabisa kunazaa simu zilizofichwa kwenye soksi.

Hatua ya 5: Begi

Usiwatume wazazi kununua vitu vipya. Gikomba na Toi kuna jaketi za mvua, buti na mifuko ya kulalia ya mitumba inayodumu kuliko mipya ya bei rahisi. Kila kijana awe na mfuko wa kulalia au blanketi mbili nzito, kitu cha kutandika chini (mkeka wa sponji au hata katoni zilizokunjuliwa, kwani baridi hutoka ardhini), sweta mbili, kofia ya sufu, jaketi la mvua, soksi jozi nne, viatu alivyokwisha kuvizoea, ndala, tochi na betri za akiba, sahani, kikombe, kijiko, chupa ya maji ya lita moja inayotumika tena, sabuni, mswaki, na dawa zake zilizoandikwa jina. Wasichana wabebe pedi hata kama tarehe haijafika, na kiongozi wa kike awe na akiba ambayo hawahitaji kuomba. Iwe mahali panapojulikana, mtu anajichukulia.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na hifadhi, chupa za maji zikiwemo. Mkikaguliwa langoni na katoni za maji ya dukani mtaziacha hapo.

Jumamosi ya sita kila begi limwagwe chini mbele ya kiongozi wa kikosi, kiongozi wa kiume kwa wavulana na wa kike kwa wasichana. Unatafuta kilichokosekana zaidi ya kilichozidi. Visu, viberiti, vinywaji vya kuongeza nguvu na biskuti za kula hemani vibaki.

Hatua ya 6: Basi

Kodi basi lenye leseni na ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usalama barabarani), na mikanda inayofunga; kaa kwenye viti vitatu vinne ujaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Kila mtoto na kiti chake. Ondokeni asubuhi, mfike kabla ya saa nane mchana, na mrudi Nairobi jua halijatua. Dereva akitaka kuharakisha kwenye mteremko wa kuelekea Mai Mahiu, mwambie asimame. Maneno hayo ayaseme kiongozi mmoja aliyekubaliwa kabla, ili wasiwe watu sita wanaomzomea.

Kuhesabu kuna kanuni zake. Kila kijana ana namba, na kila namba ina jozi yake: 1 na 2, 3 na 4. Basi halisogei mpaka namba zitajwe kwa sauti, moja baada ya nyingine, na mtu mmoja mwenye orodha ya majina aweke alama. "Naona wako wote" haikubaliki. Kutaja idadi tu nako kuna hatari, kwa sababu 34 inaweza kutimia kwa mtoto wa muuza mahindi aliyepanda kuangalia. Hesabuni mkiondoka, kila mnaposimama, mkifika, kabla na baada ya kuingia majini, na kabla ya kulala.

Hatua ya 7: Kufika na kupanga kambi

Kabla ya kushusha mabegi, viongozi wazunguke. Angalieni juu kama kuna matawi makavu, na chini kama kuna njia za siafu, hasa baada ya mvua. Siafu wakiingia hema usiku hakuna atakayelala tena. Kando ya Ziwa Naivasha kaeni ndani ya uzio uliowekwa kwa ajili ya viboko, kwani hutoka usiku kula nyasi na mtu akisimama kati yao na maji wanampitia juu. Nyani ni wa mchana, nao hufungua zipu. Chakula chote kikae ndani ya gari au sanduku lenye kufuli, na hakuna hata ndizi hemani.

Mahema yapangwe nusu duara, ya watu wazima kwenye ncha mbili yakitazama vyoo. Jikoni pawe upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Pasipo na vyoo, chimbeni shimo umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kwenye mto au kisima, na udongo uachwe pembeni na koleo. Karibu na choo na karibu na jikoni tundikeni kibuyu chirizi: mtungi wa lita 5 wenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyaga, na sabuni ikining'inia. Kuhara kumeharibu kambi nyingi kuliko mnyama yeyote. Mipaka ifungwe kwa vitambaa vinavyoonekana, na vijana waitembee yote wakiwa na kiongozi kabla ya kuachiwa wacheze.

Maji ya mto au kisima yachemshwe. Juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3 kamili, kwa kuwa huko maji hutokota yakiwa na joto pungufu. Klorini ya dukani inafaa pia ukifuata vipimo vya kwenye chupa. Panga lita 10 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa.

Chakula kiwe cha nyumbani: uji na mayai asubuhi, ndengu na chapati zilizopikwa mjini mchana wa kwanza, ugali na sukuma wiki usiku. Nyama ya siku ya pili bila barafu ni ya kujitafutia matatizo.

Moto wa kuotea uwashwe palipotengwa tu, mkiwa mmesafisha majani mita 3 kuuzunguka, na ndoo mbili za maji ziko tayari. Petroli isikaribie. Wa kuuzima amwage maji, akoroge majivu, amwage tena, kisha aweke mgongo wa mkono juu yake. Ukihisi joto, haujazimika.

Na jiko la makaa. Kila msimu wa baridi hapa kwetu tunasikia familia iliyolala na jiko ndani ya nyumba isiamke. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hema lililofungwa zipu ni dogo kuliko chumba chochote. Hata makaa yaliyoonekana kufa yanaendelea kuitoa. Kwa hiyo jiko haliingii hemani kabisa, hata kwa dakika 5 za kupasha, hata mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha. Anayesikia baridi apewe sweta, chai, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ndani ya soksi.

Hatua ya 8: Usiku

Kwenda chooni ni wawili wawili, na viatu vikaguliwe kabla ya kuvaliwa. Watu wazima wagawane zamu za saa mbili mbili mpaka alfajiri. Usiku wa kwanza watapiga domo mpaka saa sita. Wape ratiba nzito ya mchana na usiku wa pili watajilalia wenyewe. Hadithi za kutisha ziwekewe kikomo, kwa sababu anayetetemeka ni wa miaka 11 na hatasema. Mtoto akilia anataka nyumbani, mkalishe karibu na moto na umpe kazi ndogo, kama kukoroga uji wa asubuhi, kabla ya kumpigia mama yake. Mara nyingi simu ndiyo inayozidisha.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Gawa kazi mapema: mmoja anatibu, mmoja anapiga simu, mmoja anawaondoa wengine na kuwahesabu, mmoja anakaa na gari lenye mafuta, ufunguo mfukoni. Namba ni 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ziandikwe kwenye karatasi na zibandikwe ndani ya kila hema, pamoja na maelezo ya njia ya kufika kambini.

Akiungua, maji safi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, samli na unga havikaribii kidonda. Funika kwa kitambaa safi na mwende hospitali kama malengelenge ni makubwa kuliko kiganja chake au yako usoni.

Akiumwa na nyoka, mlaze, mtulize, vua pete na viatu, funga mguu kwenye ubao kana kwamba umevunjika ili usisogee, andika saa, na mwende. Wembe, kunyonya, kufunga kamba ya kubana na lile jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu havisaidii. Vinapoteza muda na vingine vinaharibu mguu. Usimfukuze nyoka ili umpige. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Akiharisha, mpe maji ya ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini). Pakiti zikiisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mwenye pumu abebe kipulizio chake mwenyewe, na cha akiba kikae kwa kiongozi. Ngurumo zikisikika, tokeni uwanjani na chini ya mti uliosimama peke yake, mwingie kwenye basi.

Asipoonekana mtu, hesabuni tena mara moja tu kwa majina, kisha viongozi wawili waende alikoonekana mwisho huku wengine wote wakikaa mahali pamoja. Dakika 15 zikipita, mjulishe askari wa mbuga au wa msitu. Wengi huchelewa hapa kwa kuona haya.

Kuogelea sijalitaja kwa kuwa, pasipo mwokoaji aliyefunzwa, sikushauri kabisa. Bwawa la hoteli lenye mlinzi lipo. Ziwa na mto ni vya kutazama.

Hatua ya 10: Kurudi

Asubuhi ya mwisho kila mtu asimame kwenye mstari, bega kwa bega, mpite kambi nzima mkiokota, hata vipande vya karanga. Takataka zirudi Nairobi nanyi. Mkiwa njiani tuma ujumbe mmoja wa saa ya kufika, na mkifika mtoto asiondoke mpaka aliyeandikwa kwenye fomu atokee na kuweka sahihi. Mjomba mzuri asiyekuwa kwenye orodha asubiri, apigiwe mzazi simu.

Kabla vijana hawajatawanyika, chukueni nusu saa kila kikosi kiseme nini kilikaribia kuharibika. Andika bila kumlaumu mtu. Jumatatu mahema yaanikwe tena mpaka mishono ikauke, maana hema lililokunjwa bichi huota ukungu kwa siku chache, vigingi vihesabiwe, na sanduku la dawa lijazwe kilichotumika.